Gosh-e fil: kupika masikio ya tembo ya Kabul, na yale ya Isfahan

Mpishi wa pwani aliyezoea mahamri, visheti na kaimati ana mikono ya kutosha kupika gosh-e fil, kitafunio cha kukaanga cha Waafghani na Wairani. Kinachomponza ni mazoea. Akiona unga, mayai, maziwa na iliki vimepangwa mezani, mkono unakwenda wenyewe kwenye hamira. Akisukuma, anaishia kwenye unene wa hamri. Akionja kinyunya na kuona sukari haitoshi, anaongeza. Hapo ameshapika kitu kingine, pengine kitamu, lakini siyo hiki. Gosh-e fil haiumuki, haina unene, na utamu wake karibu wote umekaa juu.

Kwa Kifarsi, na kwa Kidari kinachosemwa Afghanistan, jina hilo ni sikio la tembo, na ukiiona hutauliza sababu: duara pana, jembamba sana, limefinywa upande mmoja likajikunja, likakaangwa mpaka likajaa malengelenge, kisha likanyunyiziwa sukari laini na pista zilizopondwa. Waafghani huipika kwa Idi, kwa Nauruzi na kwa shughuli za posa na harusi. Nauruzi ni mwaka mpya unaoingia majira ya machipuko yanapoanza, tarehe 20 au 21 Machi. Siku hizo wageni nyumbani huwekewa haft mewa, yaani matunda makavu na njugu za aina saba zilizorowekwa majini, na chai ya kijani yenye iliki, na sinia la vitafunio. (Watu wa Makunduchi wanaosherehekea Mwaka Kogwa kila Julai wanaijua habari ya Nairuzi; kalenda hiyo asili yake ni kwa Waajemi.) Vita vilipowatawanya Waafghani, kuanzia ule uvamizi wa Wasovieti wa Desemba 1979, sinia hilo lilihama nao. Leo gosh-e fil inakaangwa Hamburg na Fremont, California, kama inavyokaangwa Herat.

Wairani nao wana yao, na mji unaotajwa kwanza ni Isfahan, ule ambao Shah Abbas wa Kwanza aliufanya makao makuu ya dola ya Wasafawi mwaka 1598. Ya Isfahan ni ndogo, nene kidogo, na hutoswa kwenye shira. Maduka ya vitamu yaliyo karibu na uwanja wa Naqsh-e Jahan huiuza pamoja na dugh, mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa chumvi, na watu huvila pamoja, tonge la hiki na funda la kile. Nitaanza na ya Kiafghani kwa urefu, kwa sababu ndiyo ngumu. Ukiiweza hiyo, ya Isfahan ni nyongeza tu.

Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa vipande 30 hivi, sinia moja la wageni:

- unga wa ngano mweupe, gramu 400, na mwingine kiasi cha kusukumia
- mayai 2
- maziwa, mililita 120 (nusu kikombe)
- siagi iliyoyeyushwa kisha ikapoa, gramu 30 (vijiko 2 vya chakula)
- sukari, vijiko 2 vya chai
- chumvi, robo kijiko cha chai
- iliki iliyotwangwa, kijiko 1 cha chai
- mafuta ya kukaangia yasiyo na harufu, lita 1 hadi lita 1 na nusu

Ya kunyunyizia: sukari laini ya unga gramu 120, pista zisizo na chumvi gramu 60, na iliki nusu kijiko cha chai.

Unga wa kawaida wa chapati na maandazi unatosha kabisa. Usiokufaa ni ule unaouzwa ukiwa umeshachanganywa na dawa ya kuumua, kwa sababu kipande kitavimba kizima badala ya kutoa malengelenge madogo madogo, na sikio halitabaki na umbo lake. Soma pakiti kabla hujaifungua.

Iliki nunua nzima. Wa Zanzibar na Tanga hawana kisingizio, maana inalimwa mlangoni, visiwani na kwenye milima ya Usambara Mashariki kule Amani. Pasua maganda, toa mbegu, zitwange na kijiko cha sukari ili zisirukeruke kwenye kinu. Iliki ya unga iliyokaa kwenye kichupa miezi inabakia rangi tu, na kwenye kitafunio chenye viungo vichache namna hii hakuna kingine cha kuifichia aibu.

Pista ndizo zitakazokula bajeti. Huko kwao zinapatikana kwa urahisi zaidi: Iran ina mashamba makubwa ya Rafsanjan, mkoa wa Kerman, na Afghanistan ina misitu ya pista za porini upande wa Badghis. Kwetu bei yake inauma. Ukishindwa, tumia lozi zilizomenywa zikakaushwa kidogo kwenye kikaango, au jozi, ambazo hata kwao hutumika. Korosho nimezikataa kwa hili. Ni laini, zikipondwa zinashikana madonge badala ya kutapakaa. Karanga zina harufu inayotaka kutawala kila kitu, ziache kwa kashata.

Sukari laini unaweza kuisaga mwenyewe kwenye blenda: sukari ya kawaida kikombe kimoja na kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi ili isigande. Saga mpaka ivuke moshi wa unga, kisha subiri utulie kabla ya kufungua.

Vifaa ni vile ulivyonavyo: karai lenye kina, kibao na mti wa kusukumia chapati, kijiko cha matundu, vijiti viwili virefu au koleo ya jikoni, na wavu wa kuchujia mafuta. Kama unao msaidizi mmoja, mwite. Kazi hii inakwenda vizuri zaidi mmoja akisukuma na mwingine akikaanga, na ndivyo familia nyingi zinavyoifanya siku ya kuamkia Idi.

Hatua ya kwanza: kukanda

Piga mayai pamoja na sukari na chumvi mpaka ute na kiini visionekane tena kuwa mbali mbali. Mimina maziwa, kisha siagi. Siagi iwe imepoa hata kidole kinavumilia. Ikiingia ya moto mayai yataiva na utapata vipande vyeupe ndani ya kinyunya. Tia iliki, koroga.

Chekecha unga kwenye bakuli pana, lakini weka kando kama gramu 50. Mayai hayalingani ukubwa, na unga wa msimu wa mvua hubeba unyevu zaidi ya ule wa kiangazi, kwa hiyo vipimo vya kinyunya vinakufikisha karibu tu, na hapo mkono ndio unaomaliza. Fanya shimo katikati, mimina mchanganyiko, kokota unga kutoka pembeni kidogo kidogo. Ukishashikana, utoe mezani ukande dakika 8 hadi 10, ukiongeza ule uliowekwa kando kwa kadiri unavyohitajika.

Unachotafuta ni kinyunya kigumu kuliko cha chapati, karibu sawa na kile cha manda za sambusa. Kikibonyezwa kwa kidole hakinati. Kikikatwa kwa kisu, ndani ni laini bila mashimo makubwa. Kikiwa laini kama cha mahamri kitakuwa rahisi kukanda, ndiyo, lakini kwenye kusukuma kitadai unga mwingi wa kunyunyiza, na unga huo wote utakwenda kuungua ndani ya mafuta yako.

Hatua ya pili: kupumzisha

Funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, au funga kwa nailoni, uache saa moja. Saa mbili ni bora. Ukitaka kupika kesho asubuhi, kiweke kwenye friji usiku kucha kikiwa kimefungwa vizuri, ukitoe nusu saa kabla ya kuanza.

Hatua hii watu huifupisha, halafu hulaumu mikono yao. Unga wa ngano ukikandwa hujenga nyuzi zinazovutana, na kinyunya kilichotoka kukandwa ukikisukuma kinarudi. Unakipanua sentimita kumi, kinajikusanya mpaka saba. Muda wa kupumzika unazilegeza nyuzi hizo, na maji yanapata nafasi ya kuingia kwenye unga wote sawasawa. Kinyunya kilichopumzika kinakubali kusukumwa mpaka mwisho, na kwenye gosh-e fil huko mwisho ndiko unakotaka kufika.

Hatua ya tatu: kusukuma

Gawa kinyunya vidonge vya gramu 20 hivi, ukubwa wa jozi ndogo, uvifinyange viwe mviringo. Toa kimoja kimoja, vingine vibaki chini ya kitambaa. Kidonge kilichopigwa na upepo hufanya ngozi, na ngozi hiyo hupasuka ukisukuma.

Sasa sukuma. Kidonge cha gramu 20 kifike upana wa sentimita 14 au 15, na hapo unene utakuwa kama milimita moja. Zungusha robo duara kila baada ya kusukuma mara mbili ili kisinate kwenye kibao na kisiende mbio upande mmoja. Jipimie hivi: inyanyue duara uiweke mbele ya dirisha. Ukiona vivuli vya vidole vyako upande wa pili, umefika. Usipoviona, rudi kibaoni. Hakuna anayekuhimiza.

Wembamba huo ndio kila kitu. Duara jembamba likigusa mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke mara moja, mvuke unainua malengelenge, na unga unakauka na kushika umbo kabla haujapata nafasi ya kunywa mafuta. Duara nene linaiva nje wakati ndani bado bichi. Ukilitoa mapema linalegea, ukilichelewesha linakuwa kahawia na gumu. Ukikutana na gosh-e fil ya namna hiyo, ujue aliyeipika alichoka kusukuma.

Ipo njia ya mkato, na si ya kuionea haya. Gawa kinyunya mara nne, sukuma kila kipande kiwe shuka pana jembamba, kisha kata maduara kwa mdomo wa bakuli. Ni haraka zaidi, na maduara yanatoka sawa. Tatizo ni mabaki ya pembeni. Ukiyakanda upya yanakuwa magumu na yanahitaji kupumzika tena, kwa hiyo mimi huyakaanga vile vile yalivyo, pembe na vipande, nikawapa watoto wanaozunguka jikoni. Vidonge vya mmoja mmoja vinatoa sikio lenye ukingo usio sawa, na kwa macho yangu hilo ndilo linalofanana na tembo kweli.

Nyunyiza unga kidogo kadiri uwezavyo, na kabla ya kukaanga ufute uliobaki kwa brashi laini au kiganja kikavu.

Hatua ya nne: kufinya sikio

Shika duara kwa mikono miwili. Upande ulio karibu nawe, kusanya kingo kwa mikunjo miwili au mitatu midogo, kama robo ya mzingo wa duara lote, halafu finya kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada. Upande wa pili uache wazi na mpana. Ukitazama unaona shina la sikio hapa, na sikio lenyewe limefunguka kule.

Mkunjo ukikataa kushika, lowesha ncha ya kidole kwa maji au maziwa, upake mahali pa kufinya, finya tena. Tone tu, usimwage. Na usifinye kwa kurudia rudia mpaka unga ukawa donge, kwani donge hilo haliivi kwa muda ule ule wa sehemu nyembamba. Hiki ndicho kipande utakachokuta kibichi katikati ya sikio lililoiva.

Tandaza yaliyofinywa kwenye kitambaa kikavu bila kuyapandisha juu ya mengine. Usifinye zaidi ya manane au kumi kabla ya kuanza kukaanga. Yakikaa sana yanakauka na kupasuka.

Hatua ya tano: mafuta

Mafuta yafike kina cha sentimita nne au tano, na yasipite nusu ya karai. Joto linalofaa ni nyuzi 175 hadi 180. Kama huna kipima joto, dondosha kipande chembamba cha kinyunya: kizame kidogo, kisha ndani ya sekunde mbili kielee juu kikizungukwa na mapovu. Kikikaa chini, subiri. Kikigeuka rangi papo hapo, yamezidi. Punguza moto.

Anayetumia jiko la mkaa ajue kwamba mkaa haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe. Panga mkaa uwe umeshika wote na moto wake umetulia kabla ya kuweka karai, na weka kando bakuli la mafuta baridi. Yakizidi moto, ongeza kijiko kimoja au viwili vya mafuta hayo ili kuyashusha. Usitumie mafuta yaliyokaangiwa samaki. Najua hakuna haja ya kulisema, lakini nimeshakula.

Na kwa kuwa samaki wametajwa: Wakabul wana desturi ya kula samaki wa kukaanga pamoja na jalebi siku za Nauruzi. Kwa hiyo chumvi na sukari kukutana mezani si mambo ya Isfahan peke yake. Ila makarai ni mawili.

Hatua ya sita: kukaanga

Moja moja, au mbili ikiwa karai ni pana. Ishike gosh-e fil kwa sehemu iliyofinywa, uitumbukize taratibu kuanzia upande mpana, ukiendelea kushika shina kwa sekunde mbili au tatu kwa koleo. Hilo linazuia mikunjo isifunguke. Ukiiachia tu, nyingine zitajikunjua na utapata chapati ya duara iliyokauka: tamu, lakini bila sikio.

Malengelenge yatatokea mara moja. Mwagia mafuta juu kwa kijiko, geuza baada ya nusu dakika hivi, ikae nusu dakika nyingine. Itoe ikiwa na rangi ya dhahabu iliyofifia. Usisubiri iwe kahawia karaini. Joto lililobaki ndani litaongeza rangi ikiwa nje. Moja huchukua dakika moja kwa jumla, mara nyingine chini ya hapo, kwa hiyo ukianza usiondoke kujibu simu.

Isimamishe kwenye wavu ikiegemea, shina likiwa juu, ili mafuta yateremke. Ukiilaza juu ya karatasi, upande wa chini unakaa ndani ya mafuta yake na mvuke wake, na unalegea kabla hata haujapoa.

Kila baada ya vipande vitano au sita, pitisha kijiko cha matundu uondoe unga ulioanguka chini. Ukiungua unatoa uchungu, na uchungu huo unaingia kwenye vipande vyote vinavyofuata. Subiri mafuta yarudi kwenye joto lake kabla ya kuendelea.

Hatua ya saba: kunyunyiza

Ponda pista kwa kisu au kinu mpaka ziwe chenga ndogo, ukiacha nyingine kubwa kidogo za kuonekana. Changanya sukari laini na iliki, iweke kwenye chujio dogo.

Wakati wa kunyunyiza ni pale kipande kikiwa vuguvugu. Kikiwa moto sukari inayeyuka na kuwa madoa ya kunata. Kikipoa kabisa inateleza na kuanguka kwenye sinia. Nyunyiza pande zote mbili, sukari kwanza, halafu pista, halafu sukari kidogo tena juu. Usiogope kuonekana umezidisha, kumbuka ndani hakuna utamu. Wala usiogope kula kwa kujichafua. Hakuna aliyekula gosh-e fil akabaki na nguo safi, na ndiyo maana huletwa na chai na kitambaa.

Panga kwa kuegemezana, mashina chini, na usipange kwa kukandamiza. Zinavunjika.

Za Isfahan

Sasa yaliyobadilika. Kwenye kinyunya badala ya maziwa yote weka nusu maziwa nusu mtindi mzito, na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya waridi. Kanda na upumzishe vile vile. Sukuma mpaka milimita mbili tu, kwa sababu kitu chembamba kama cha Kabul kikizamishwa kwenye shira kitalainika na kuvunjika mkononi. Kata maduara ya sentimita nane kwa mdomo wa glasi, kisha finya katikati kutoka pande mbili, zipate umbo la tai ya kipepeo. Kaanga dakika moja na nusu hadi mbili, mafuta yakiwa nyuzi 170, ili ndani kuive.

Shira ipike kabla ya kukaanga, ipate kupoa. Sukari gramu 400, maji mililita 240. Koroga mpaka sukari iyeyuke, na ikianza kuchemka acha kukoroga. Ichemke kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10. Tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau, ambayo huizuia shira kugeuka chembe za sukari ikipoa. Jaribu kati ya vidole viwili tone lililopoa: likitoa uzi mmoja, zima. Mpika kaimati kipimo hiki anakijua usingizini. Mwisho tia maji ya waridi vijiko viwili vya chakula, na zafarani kidogo iliyosagwa na kurowekwa kwenye maji ya moto. Ukiyatia maji ya waridi wakati shira inachemka, harufu inaondoka na mvuke, unabaki na gharama.

Maji ya waridi yawe ya kula, siyo marashi ya kujipulizia. Wairani husifu sana yanayotoka Qamsar, karibu na Kashan, ambako mawaridi huvunwa na kutoneshwa mwezi Mei na mapema Juni. Yoyote yaliyo safi yatakufaa, alimradi kwenye chupa pameandikwa mawaridi na maji, basi.

Kanuni ya kutosa ni moto ndani ya vuguvugu: vipande vitoke karaini, vichuje mafuta kidogo, viingie kwenye shira iliyokwisha poa mpaka uvuguvugu. Vikae nusu dakika, vigeuze, vitoe kwenye wavu. Shira ya moto inalainisha, shira baridi kabisa inakuwa nzito na kubaki nje. Pista chenga chenga juu yake ikiwa bado inanata.

Kwa dugh, chukua mtindi mzito kikombe kimoja, maji baridi kikombe kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, nanaa kavu iliyosuguliwa kati ya viganja. Piga mpaka itoe povu. Wengine hutumia maji yenye gesi, na inafaa. Mtindi uwe umechacha kweli. Wa dukani wenye sukari na ladha ya matunda hautafanya kazi hapa. Uchachu na chumvi vinakata shira mdomoni, na mtu aliyesema ametosheka anajikuta anachukua kipande cha pili. Katika mwezi wa Ramadhani gosh-e fil huwekwa mezani Iran kwenye futari, pamoja na zulbia na bamie, nazo pia za shira.

Kuhifadhi

Hewa ya pwani ni adui wa kitu kikavu. Gosh-e fil iliyonyunyizwa na kuachwa wazi Mombasa au Dar es Salaam mchana mmoja itakuwa imelegea jioni, na sukari yake imegeuka ute. Kwa hiyo ukipika siku ya kuamkia Idi, usinyunyize. Ziache zipoe kabisa, zisibaki na uvuguvugu wowote, kisha zipange kwenye bati au ndoo yenye kifuniko kinachobana, karatasi kati ya safu na safu. Zitakaa siku tatu hadi nne. Asubuhi, zipitishe kwenye oveni yenye nyuzi 150 kwa dakika tano, na zikianza kupoa unyunyize zile zinazokwenda mezani peke yake. Usizitie kwenye friji.

Za shira hazina haja ya bati la kubana. Zifunike tu zisipate sisimizi, na ziliwe ndani ya siku mbili. Mafuta yaliyobaki yakipoa yachuje kwa kitambaa, yana kazi nyingine ya maandazi wiki hiyo hiyo. Shira iliyobaki, yenye waridi na zafarani, tia kwenye chupa, iweke kwenye friji, na utaitumia kwa kaimati.